Miguu ya Bwana Moshi

Chumba cha kazi,
Juu ya duka la fundi saa,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha ubishi. Uliandika kwamba baridi ya huko inakuingia mpaka mifupani. Je, koti alilokushonea mke wangu linakutosha, au alikata kwa kipimo cha zamani? Anasema kama umenenepa uandike bila haya. Sisi huku hatujambo. Yeye anashona, cherehani inalia kutwa, na paa la chumba cha kazi limezibwa, sasa linavuja mahali pengine. Mdogo wangu ni mzima kupita kiasi, na hapo ndipo penye habari.

Shangazi, nina kijicho. Nimeanza na neno lenyewe ili nisikuzungushe.

Unajua tunavyofanya kazi. Karatasi moja, meza mbili. Mimi namchora Fundi Radi, shujaa wetu, yule fundi umeme anayepanda nguzo kuokoa watu. Nikimaliza napitisha karatasi meza ya pili, naye mdogo wangu anamchora adui yake, Bwana Moshi. Hakuna anayegusa mtu wa mwenzake. Ndivyo tulivyoanza tukiwa vijana, ndivyo vitabu vyetu vyote vya katuni vilivyotoka, na hatukuwahi kugombana kwa sababu kila mtu alikuwa na wake.

Sasa kuna kiwanda cha ndoo na mabeseni kimetaka kutengeneza sanamu za plastiki za kuchezea watoto, watu wadogo wenye viungo vinavyokunjika, kutoka kwenye katuni zetu. Tulifurahi, mimi nilinunua hata shati. Lakini kalibu ya kumwagia hiyo plastiki ni ghali, hivyo meneja akasema ataanza na mtu mmoja tu. Akawaita ofisini watoto wa wafanyakazi, akaweka picha mbili juu ya beseni lililogeuzwa, wachague. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Radi mara mbili. Wote walimwendea Bwana Moshi. Binti mmoja aliuliza huyu mwingine ni nani. Huyu mwingine, Shangazi, ndiye jina lake liko kwenye jalada.

Mdogo wangu hakujisifu. Afadhali angejisifu, ningepata pa kumshikia. Alininunulia soda njiani, akaniambia watoto wa siku hizi hawana akili, huku macho yanamcheka. Nikainywa ile soda kama dawa. Mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kushika kalamu, leo ndiye anayetafutwa. Mwenye duka la vifaa vya shule alimwita msanii, na mimi akaniita kaka wa msanii. Maneno haya nimeyahifadhi.

Kisha likazuka jambo. Fundi wa kalibu alitaka Bwana Moshi achorwe mbele, nyuma na ubavuni, kuanzia utosini mpaka unyayoni. Hapa nikupe siri ya ndani: mdogo wangu hajui kuchora miguu. Hajawahi kujua. Akiichora inatoka kama viazi. Ndiyo maana Bwana Moshi tangu azaliwe anatokea ndani ya moshi, kuanzia magotini kushuka ni wingu tupu. Wasomaji wanadhani ni vitisho, kumbe ni mchoraji anaogopa miguu. Meneja akasema wingu halisimami mezani. Ikifika Ijumaa michoro haijatimia, atamtengeneza Radi, kwa kuwa yeye viatu vyake viko tayari na kamba zimefungwa.

Siku hiyo nilipanda ngazi nikipiga mluzi.

Mdogo wangu alikaa mezani kwake akichora viazi na kuvichana. Mwishowe akaja akasimama kando yangu, akasema, "Kaka, niazime miguu." Hivyo tu, kama jirani anayeomba chumvi. Nikamwambia nina kazi, nitaona. Sikuwa na kazi yoyote.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mkono unaniuma. Akaendelea kutunga uzi kwenye sindano, akaniuliza, "Sasa huyo unayemwonea kijicho ni mdogo wako au ni mtu wa plastiki? Maana wa plastiki hata hajamwagwa." Nilikaa nikachora miguu ya bata, mipana, yenye ngozi katikati ya vidole, na nikaipenda sana. Nilikusudia kumpelekea hiyo. Usije ukanisifu kwamba moyo ulilainika, haukulainika. Ila mtu aliyelishwa na kalamu yake miaka yote hawezi kutoa kazi mbovu akapata usingizi. Ni kiburi tu. Nikachukua karatasi nyingine.

Nilichora miguu ya baba. Ndiyo niliyoijua vizuri, maana nilikuwa naiosha alipougua: bapa, kisigino kipana, kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Yaani ni yako pia, utaitambua. Mdogo wangu alipoiona alinishika bega, akatoka mbio nayo kwenda kiwandani. Asante hakusema. Nadhani alishindwa, lakini siku ile nilimwekea kinyongo.

Basi Bwana Moshi ametoka. Anasimama popote: dirishani, kwenye ukingo wa meza, hata juu ya cherehani wakati inashona. Meneja anasema hata stuli wanazotengeneza wao wenyewe hazisimami hivyo. Kwenye boksi jina la mdogo wangu limechapwa kwa herufi kubwa nyekundu. Langu nililitafuta mbele, nyuma, ubavuni, wivu ukanipanda mpaka masikioni. Mdogo wangu akaninyang'anya lile boksi, akamtoa Bwana Moshi, akamgeuza miguu juu. Kwenye unyayo wa kulia, kwa herufi ndogo, kuna jina langu. Alibishana na meneja, aliyetaka pale pawe na jina la kiwanda. "Miguu ni yako, Kaka," akasema. "Angeandikwa nani mwingine?"

Alikuwa na furaha ya kweli. Nilimkumbatia. Lakini tangu hapo kila nikimwona yule mtu wa plastiki amesimama, najua amesimama juu ya nani. Nikilalamika nitaonekana sina shukrani. Nikinyamaza nitapasuka, ndiyo maana nakuandikia wewe uliye mbali. Usimwambie.

Msalimie mzee wako, na wale mapacha, na jirani yako muuguzi anayekusomea barua macho yako yakichoka, ila hii jitahidi uisome mwenyewe. Mke wangu anakusalimu na anangoja jibu la unene. Mdogo wangu naye anakusalimu. Siku hizi ameanza kujaribu kuchora vidole vya miguu, na vinaelekea, inaniuma kukiri. Mungu akupe goti lenye utii na usingizi mwema.

Ndani ya kifurushi hiki nimekuwekea Bwana Moshi mmoja. Kila anayempata humsimamisha. Wewe, Shangazi, nakuomba umlaze chali.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye kama zamani.