Kahawa Iliyowekwa Chini

Alhamisi, 7 Machi

Hili sijamwambia mtu: tangu baba awe waziri mkuu, namwogopa. Alipokuwa balozi London alikuwa akinicheka ninavyochanganya Kiarabu na Kiingereza, tukacheka wote. Tuliporudi Amman akaacha kucheka.

Leo kaja Sheikh Mitab, rafiki yake wa utotoni. Mwanawe, Luteni Fawaz, anangoja kitanzi — njama dhidi ya serikali. Mpishi hakuwepo, nikamimina kahawa mimi. Sheikh akakiweka kikombe chini. Hakuonja. Baba, na lile tabasamu lake la ubalozini: "Kunywa, ndugu yangu, inapoa."

Mzee akanywa. Akalia!

Ijumaa, 8 Machi

Bibi kapata habari. Nyumba imewaka moto.

"Mgeni akiweka kahawa chini ana ombi! Ukimwambia anywe, umeshampa! Au Waingereza wamekusahaulisha ulikozaliwa?"

"Mama, alikunywa tu kama mgeni yeyote. Hakuweka kitu chini."

Hakuweka! Na mimi nilikuwa nimesimama palepale na birika.

Jumapili, 10 Machi

Sheikh yuko ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, mvua yote yake. Askari wa getini wanamtania, eti mzee, unaoga na nguo? Anatazama dirisha langu. Nimevuta pazia — bado namwona.

Kikombe chake sijakiosha. Kiko kabatini, chini ya sweta za shule. Nikifumba macho nakisikia kikigusa sinia. Tik.

Jumatatu, 11 Machi

Fawaz ananyongwa kesho alfajiri. Wazee wa ukoo wake wamejaa sebuleni. Sheikh kawaambia: muulizeni binti aliyenimiminia.

Bibi kaja kunisuka. Nikaanza kumweleza, akaniziba mdomo. "Usiniambie mimi, Rabab. Kawaambie wao."

Mimi! Mimi ambaye mwalimu akiniita tu sauti inakauka!

Baba aliwahi kunifundisha: ukibanwa, usikubali, usikatae — tabasamu. Nimejaribu kwenye kioo. Ni uso wake. Yarabi, ni uso wake kabisa.

Nyayo kwenye ngazi. Si fimbo ya bibi — ni viatu vya baba. Na kitu kinagongana... vikombe. Viwili. Maisha yake yote baba hajawahi kuniletea kahawa!

Daftari chini ya godoro, haraka. Usoni sitamtazama. Nitatazama kikombe chake tu. Akikiweka chini —