Nilimweka Mke Wangu Kwenye Tasnifu, Sasa Nakula Biskuti

Mpendwa Shangazi Stefania,

Shikamoo, na pole kwa kubebeshwa mizigo ya watu kila wiki. Naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida hapa mtaani mimi ndiye ninayeombwa ushauri, kwa kuwa nasoma Shahada ya Uzamili ya Mipango Miji na Mikoa, niko mwaka wa mwisho, na katika ukoo wetu kule Mazingara hakuna aliyewahi kufika huku, hata mama yangu akiulizwa mwanao anasomea nini anasema "anasomea miji", na watu wanatikisa vichwa kwa heshima.

Shangazi, nina mke mmoja, Mwaija, wengi wanamwita Mama Sabiri kwa jina la mtoto wetu, tunaishi kwenye senta ndogo upande wa Handeni, kando ya barabara ya kwenda Korogwe, na hapo barabarani yeye ana meza ya mama lishe, asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage, siku za gulio bada, yaani ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga, wateja wake ni madereva wa malori ya machungwa, bodaboda na wasafiri, na mimi sijawahi kumkataza biashara yake, nataka hilo lieleweke mapema. Ila tangu nianze masomo naona vitu ambavyo mtu wa kawaida havioni, nikiitazama nyumba yangu naona matumizi ya ardhi yamechanganyika, kuku wanapita sebuleni bila utaratibu, basi nikaandika karatasi nikaibandika kwenye banda, "Ukanda wa Mifugo Midogo", nikamwambia mke wangu kamba ya kuanikia nguo ihame kwa sababu inakatiza njia ya waenda kwa miguu, akaihamisha bila neno, ndiyo maana nashangazwa na haya yaliyotokea.

Tasnifu yangu inahusu uvamizi wa hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya pembeni ya lami ambayo haitakiwi kujengwa wala kuwekwa meza. Sasa utafiti unataka mfano, Shangazi, na mfano mzuri ni ule ulio karibu, kwa hiyo nilimpiga picha Mwaija pale mezani kwake ameinama anapuliza moto, kwa nyuma, uso hauonekani, maadili ya utafiti nayajua, nikazungushia duara jekundu na chini yake nikaandika "Picha Namba Nne: Kizuizi Kisicho Rasmi". Halafu nikachora pale patakavyokuwa siku zijazo, ukanda wa kijani, miti, mabenchi ya kupumzikia, na watu wawili wanatembea na mbwa, hao watu na mbwa sikuwachora mimi, programu ya kompyuta inakuja nao. Msimamizi wangu, Dokta Deogratius, alisema ni kazi inayopendeza macho.

Ingeishia hapo pasingekuwa na shida. Ila nilialikwa kuwasilisha matokeo kwenye kikao cha wadau, mtendaji, wenyeviti na wazee wa senta, na kikao hakikosi chakula, na mimi mwenyewe kama mume mwema ndiye niliyependekeza tenda ya chakula apewe Mwaija. Nimefika picha namba nne, imejaa ukuta mzima, nasema "wadau, hapa tunaona kizuizi", mlango ukafunguliwa, akaingia amebeba hotipoti la pilau. Mwenyekiti mmoja akatazama ukuta, akamtazama yeye, akasema, "Mama Sabiri, si kanga yako hiyo?" Alikuwa ameivaa ileile. Ukumbi wote ukaangua kicheko.

Yeye hakucheka wala hakulia. Alitua hotipoti, akapakulia kila mtu, hata dereva wa mtendaji akaongezewa nyama, akafika kwangu akanipa sahani tupu na kijiko, akaniambia taratibu, "Wewe Baba Sabiri, kula picha."

Haikupita muda mtendaji, ambaye alisema mada yangu imemfungua macho, akatuma vijana na rangi nyekundu, wakaanza na meza ya Mwaija kwa sababu ndiyo waliyoiona ukutani, alama ya X kwenye meza, X kwenye benchi, X mpaka kwenye ndoo ya kunawia, na wenye meza wote wametakiwa wawe wameondoka ifikapo mwisho wa mwezi. Mwaija anauza hivyohivyo na X zake. Nyumbani anapika, anapakua chake na cha Sabiri, mimi naambulia salamu tu, na nakiri nimeumia, maana katika ndoa yetu sijawahi kumwona amenyamaza namna hii. Nikaenda kula kwa Rosina, mama lishe wa meza ya pili, naye akanijibu mbele ya bodaboda, "Mtaalamu, hapa si eneo la kula, hujasoma?" Sasa nashindia biskuti na soda za dukani, na ada ya muhula wa mwisho, ambayo ilikuwa itoke kwenye meza ileile kama ilivyotoka mihula yote, haizungumzwi tena, na bila ada siruhusiwi kuitetea tasnifu.

Shangazi, nimweleweshe vipi mke wangu kwamba sikumlenga yeye, nililenga sampuli? Au niwaite wazee wa pande zote mbili wamweleze umuhimu wa elimu?

Mtaalamu Mtarajiwa,
Handeni

*

Baba Sabiri,

Marahaba. Nilicheka mpaka Raymond, mwenzangu wa meza ya jirani hapa ofisini, akaja kuuliza kulikoni. Nikampa barua yako, naye akacheka vizuri tu mpaka alipofika kwenye ada. Hapo akanirudishia karatasi, akasema, "Huyu bwana mjibu wewe, mimi nitamtukana."

Ada umeitaja mwishoni kabisa, baada ya kuku, baada ya kamba ya nguo, baada ya mbwa. Kumbe hicho Kizuizi Kisicho Rasmi ndicho kilichokusomesha mihula yote, na shukrani yake ni duara jekundu! Unajisifu hukumkataza biashara. Na yeye je, alikukataza shule?

Pole unastahili kidogo, nami nakupa. Kusoma ukiwa na mke na mtoto si mchezo, na aliye wa kwanza kwao kufika mbali hujikuta anaongea kwa sauti kubwa ili woga wake usisikike. Hata kuhusu barabara hukukosea. Mimi nikitoka hapa Korogwe kuja huko kwenu hushuka kula kwenye meza za namna hiyo, na lori likipita chai inacheza kikombeni. Iko siku litapita vibaya, na Mwaija yuko pale ameinama anapuliza moto. Ungemwogopea hivyo kwenye tasnifu yako ningekuvulia kofia.

Lakini wewe umeandika watoke, basi. Waende wapi, hukusema. Umechora mabenchi, nani atakaa juani hapo Handeni pasipo hata kikombe cha chai? Umewapatia nafasi watu wawili ambao hata majina yao huyajui, pamoja na mbwa wao, mkeo umemkosesha. Halafu unaniambia uso hauonekani. Mwenyekiti alimtambua kwa kanga, ukumbi mzima ukamtambua, ila wewe unayelala naye ndiye uliyeona kizuizi. Na ile habari ya kulenga sampuli usithubutu kumwambia. Kama umeshamwambia, basi hizo biskuti ni halali yako.

Sasa nisikilize. Wazee waache walipo. Mke hakukosea chochote, wakamweleze nini? Wewe umemwaibisha mbele za watu, basi hulimalizi chumbani kwa kunong'ona. Kesho asubuhi toka naye, umchotee maji, moto uupulize wewe, na wateja wakishajaa umwombe radhi palepale, madereva na bodaboda wakisikia, kwa Kiswahili cha nyumbani. Watakucheka. Vumilia, yeye alichekwa na wadau. Kitenge usimnunulie, maana utakinunua kwa pesa yake.

Ukishamaliza, kaa kwenye lile benchi lenye X, umuulize yeye, na Rosina, na wenzao, wanahitaji nini: maji, kivuli, mahali lori litaegesha bila kuua mtu, na umbali gani wateja wanakubali kutembea. Hiyo ndiyo sura iliyokosekana kwenye tasnifu yako, iandike. Kabla mwezi haujaisha nenda kwa mtendaji, umwambie kwa mdomo wako kwamba kazi uliyomwonyesha ilikuwa nusu, na umwombe asiondoe mtu mpaka eneo lipatikane. Alikusikia haraka sana uliposema watu watolewe, tuone atakusikia vipi ukisema wawekwe. Akikataa, nendeni kwa diwani. Huko Mwaija ndiye aongee, wewe kazi yako kubeba ramani.

Ada usiiulize. Akitaka kuitoa ataitoa, asipotaka utaahirisha muhula, na dunia itaendelea na makazi yake holela bila wewe. Meza ikiondolewa mwisho wa mwezi, Sabiri naye anakula nini? Hilo ndilo lililomnyamazisha mama yake, wala si kile kicheko.

Mchoro mpya ukiwa tayari, Mwaija auone kabla ya Dokta Deogratius. Akisema meza umeiweka mbali na wateja, isogeze hapohapo akiangalia. Na wale watu wako wawili, ikiwa programu inakataa kuwafuta, waketishe kwenye benchi lake wale bada na walipe kama wateja wengine. Mbwa mtoe kwenye karatasi.

Shangazi Stefania,
Korogwe