Baba Mkwe Anasali Mbele ya Boksi Lenye Kuku

Shangazi Loisi, nakuandikia nimeziba pua, naomba msaada wako kabla ya Jumapili. Mimi natengeneza maboksi ya karatasi ya kukunja, ya keki na zawadi, hapo Tunduma, na wateja wengine wanavuka kutoka Zambia, sasa wiki iliyopita tukaja Mbebe kumpongeza baba mkwe kwa kustaafu uzee wa kanisa, nikambunia boksi lenye umbo la kanisa, halina gundi hata tone, ukivuta mnara paa linafunguka, ndani nikaweka kuku wa kuchoma. Katika ukoo huu mke wa mwana hamsogelei baba mkwe wala hasemi naye, kwa hiyo mume wangu Ipyana ndiye aliyelikabidhi, na badala ya kumwambia baba yake afungue akasema, "Baba, kanisa hili nimelibuni mwenyewe." Mzee alilia machozi, akaliweka juu ya kabati, na kila jioni anasalisha familia mbele yake. Harufu ilipoanza akasema panya kafia darini, nusu ya dari wameshaibandua. Ipyana nikimwambia aseme ukweli ananijibu baba amefurahi mno tusimharibie, na mchungaji naye ameomba mzee alibebe Jumapili mpaka madhabahuni, waumini walione wachangie ujenzi wa kanisa jipya. Naogopa mpaka silali.

Atupele, Mbebe

Atupele mwanangu, pole. Nimecheka mpaka chai imenimwagikia, kisha nikakasirika. Fundi mzima unaunda boksi la chakula lisilo na alama ya mahali pa kufungulia? Na huyo Ipyana, sifa alizipokea kwa mikono miwili, basi na kuku amtoe kwa mikono hiyohiyo.

Msilibadilishe boksi kimyakimya. Leo hii kunja jingine, tupu. Mwite wifi yako, yeye ni binti wa mzee, mwiko haumhusu. Aingie na Ipyana, wamwambie mzee ukweli wakiwa wao tu, lile lenye kuku walitoe nje walifukie pamoja na mwenyewe aliyemo, kisha wifi amwonyeshe mzee namna ya kuvuta mnara. Hilo jipya ndilo liende madhabahuni, paa likiwa wazi, watu watumbukize michango yao humo.

Mzee atanuna, kisha atazoea. Lakini mkimwacha asimame mbele ya kanisa zima amekumbatia kuku aliyeoza, hatarudi tena kwenye benchi lake, na heshima yako ya kujificha nyuma ya mlango haitamsaidia kitu.