Bibi Robhi, Figo Lako Sikulirithi

Bibi yangu Robhi,

Shikamoo huko uliko. Nimeaibika hospitalini, na naona nikueleze mwenyewe kabla mdogo wako Bhoke hajaja kukusimulia kwa chumvi zake.

Ulipokufa, daktari alisema kansa yako ya figo ni ya nadra. Huenda ilitokana na hitilafu ya vinasaba inayotembea kwenye damu ya familia, kwa hiyo ndugu wapimwe. Nikapanda bodaboda kutoka Nyamongo hadi hospitalini nikiwa na shati la mazishi yako. Nilikuwa naogopa, Bibi. Lakini mrithi si ni mimi?

Daktari akauliza undugu. Nikamweleza vizuri kwamba hukujaliwa mtoto, ukamwoa mama yangu kwa ng'ombe zako, nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke amzalie, kama desturi yetu, nami nikazaliwa bomani kwako, mjukuu halali. Akafunga faili. Akasema sina damu yako, niende nyumbani.

Nikawaka. Nimerithi boma, ng'ombe na hasira zako, iweje figo tu nibaguliwe? Foleni nzima ikacheka. Nikatoka nje nikalia, na mpaka leo sijui kama ilikuwa nafuu au uchungu.

Wa kupimwa alikuwa Bhoke. Unamjua. Alinitimua na mwiko, akasema hatoi damu kwa ajili ya mtoto aliyenunuliwa kwa ng'ombe. Ndivyo alivyoniita tangu utoto, wewe ukinijazia maziwa kikombeni. Nikashinda mlangoni kwake siku tatu. Ya nne akapanda bodaboda, akamtukana dereva njia nzima. Wakamkuta na hitilafu ile ile, na uvimbe mdogo kwenye figo. Daktari anasema tumeuwahi.

Nakuandikia nikiwa nje ya chumba cha upasuaji. Asubuhi muuguzi alitaka sahihi ya ndugu wa karibu. Mimi nikasogea pembeni nikaanza kuwapigia simu watu wa ukoo. Bhoke akaninyang'anya simu. "Mnamtafuta nani? Mjukuu wangu huyu hapa. Mpeni kalamu."

Nimesaini, Bibi. Sahihi imetoka kama ya mlevi.

Basi pumzika, wala usimwandalie kiti bado. Nitamrudisha nyumbani akiwa mzima, nakuahidi, hata akinitukana mpaka getini.

Mjukuu wenu,
Mwita