Kuni za Mama Yako Zimenyeshewa na Zimewaka

Zimewaka, Rehema! Kuni za mama yako zimelala mvuani nje ya kiwanda chake kidogo cha mtaa wa Bugolobi, na asubuhi zimewaka kama hazijawahi kuona maji! Haya, sasa nikusalimu. Hujambo mjukuu wangu? Sisi wazima, babu yako anakohoa kwa mazoea tu.

Uliniuliza kwenye simu, "Bibi, mbao ikishakaangwa ndani ya pipa, inabaki na moto gani?" Msomi mzima wa Nairobi ananiuliza mimi wa darasa la nne! Nimefurahi.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alipanga kuni kwenye dari juu ya meko mpaka zikawa rangi ya kahawa. Idi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Majirani walipuliza kuni mbichi huku wakitokwa machozi, na pilau yetu ilikuwa imeshaiva. Jirani akapiga kelele akimwita mama kwa jina langu, "Mama Sauda, umezimwagia petroli?" Mama akacheka, "Moto wa kwanza umeshakunywa maji na moshi. Huu wa pili ni wa kupikia."

Mama yako anafanya hivyo hivyo kwa mashine: anakaanga mbao ndani ya lile pipa, kisha anazisaga na kushindilia unga wake uwe punje ngumu kama mahindi, ndizo kuni zake. Waliomcheka alipoacha ualimu wanyamaze. Huyo nimemzaa mimi!

Waliobaki kushawishika ni wapishi wa sokoni Kalerwe. Wakikataa kununua, kiwanda kitafungwa, nami sitaki kulificha hilo. Lakini wamekubali kuja kwetu Kamwokya na maharagwe yao wajaribu wenyewe kuyapika kwa kuni hizo. Panda basi, wachukue na shangazi zako. Nawangojeni nyote Jumamosi, siku wapishi watakapokuja.