Motomba Watatu wa Papa Lotika

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tano

Umeme umerudi saa nne. Nimefungua kongelateri, barafu bado ipo. Nimeshusha pumzi. Nimehesabu mirija ya sampuli mara mbili ingawa hakuna aliyeigusa. Ni hivyo tangu barua ya tuzo ilipofika. Nasafiri tarehe 24. Ulaya, jukwaa, hotuba ya dakika kumi. Na zaidi ya medali: mashine ya kusoma ADN, yaani vinasaba, ya kukaa hapa hapa, labo hii, Kisangani. Miaka ishirini natuma vipande vya nyama kwa watu wa mbali wanisomee, kama mama asiyejua kusoma anavyopeleka barua kwa jirani. Imetosha.

Bibiche, mwanafunzi wangu wa doctorat, ameleta matokeo yake. Hakuna kitu tena. Nimemwambia arudie.

Jumatano, tarehe 8

Amerudia. Hakuna.

Tuzo yote imesimama juu ya jambo moja: kwamba msitu wa Masako una motomba wa aina mbili. Motomba, yule panya mkubwa ambaye mama zetu wanampika vizuri sana. Kwa macho wote ni sawasawa. ADN ndiyo inawatenganisha. Aina ya pili niliipata mimi, wanyama watatu, siku moja, miaka minne iliyopita. Bibiche ametega miezi mitatu kwenye njia zile zile na wote ni aina ya kwanza.

Nimemgombeza mbele ya wenzake. Nimesema mikono yake michafu, anachanganya mirija. Alivaa glavu mpya akaanza upya. Heri angejibu.

Ijumaa, tarehe 10

Nimepima mirija ya Bibiche mimi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Aina ya kwanza. Yote. Msichana hana kosa. Nimetoka nje nikazunguka jengo mara tatu, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Nimetoa daftari langu la zamani la msituni. Wale watatu waliletwa na Papa Lotika, mtegaji wetu, siku yangu ya mwisho pale. Jina la mtegaji lipo, tarehe ipo. Basi kwa nini nalisoma mara ya tatu? Kesho Masako.

Jumamosi, tarehe 11

Nimeenda na pikipiki. Nimepeleka chumvi, sabuni, na kitenge cha mke wake. Papa Lotika amefurahi, amenikalisha, wameleta lituma ya moto, ndizi za kupondwa. Nimemuuliza mitego ya siku ile aliiweka wapi. Amecheka. Kumbe hakukuwa na mtego. Shemeji yake alikuwa amefika na boti kutoka Barumbu, mbali huko mtoni, na kikapu cha motomba wazima kwa ajili ya matanga. Papa Lotika alichukua watatu akaniletea.

"Mama Prof, ulikaa siku ine na mvua, mitego iko wazi tu. Ningekuacha urudie mikono mitupu namna gani? Watu ya kwenu wangesema nini juu yetu?"

Alisema kwa fahari, kama mutu anayekumbusha zawadi. Hakunidanganya. Nilimuuliza jina na tarehe, akanipa jina na tarehe; mahali sikumuuliza.

Nimemaliza lituma yote. Sikumwambia kitu. Amenisindikiza hadi barabarani akinitakia safari njema.

Jumapili, tarehe 12

Sikwenda misa. Nimekaa na daftari mezani. Safu ya mahali: asubuhi ile, kabla ya kushika hata mnyama mmoja, niliandika Masako kwenye mstari wa kwanza, kisha nikashusha zile alama mbili za "vilevile" hadi chini ya ukurasa. Ili nisipoteze muda wakati wa kupasua. Mwandiko wangu kabisa. Mwaka jana niliwafelisha wanafunzi wawili kwa kosa hilo hilo. Mjinga mimi. Profesa mzima.

Tena wazo lingine, baya: nani anajua? Papa Lotika hasomi makala zetu. Aina ya pili si uongo, ipo, ila ipo Barumbu. Nani atakwenda kuangalia?

Bibiche. Bibiche ataendelea kutafuta kitu ambacho hakipo, na mimi nitaendelea kumwambia mikono yake michafu. Naona haya.

Jumatatu, tarehe 13

Nimemweleza doyen, mkuu wa kitivo. Akafunga mlango. Bon, akasema, kwanza uende, upokee, mashine ifike, halafu tutaandika masahihisho kidogo. Akasema mashine si yangu, ni ya watoto wa jimbo zima. Hilo limenichoma kwa sababu ni kweli. Nimemjibu nitafikiri. Namchukia kwa kusema kile kile nilichokuwa nakitamani.

Nimetembea hadi maporomoko ya Tshopo na kurudi. Miguu inauma. Kichwa bado hakijatulia.

Jumanne, tarehe 14

Barua kwa wenye tuzo. Nimeiandika mara saba. Ya saba ndiyo fupi kuliko zote: motomba watatu walitoka Barumbu, kosa ni la mkono wangu, Masako ina aina moja. Kabla ya kuituma nimewaita wale wale waliosikia matusi, nimemwomba Bibiche radhi mbele yao. Jina lake litatangulia langu kwenye masahihisho.

"Donc mirija yangu ilikuwa sawa," alisema.

Nikasema ilikuwa sawa. Akalia. Mimi pia. Nimetuma saa tisa.

Jumatano, tarehe 15

Hakuna jibu.

Alhamisi, tarehe 16

Hakuna. Nimegombana na fundi wa jenereta bila sababu.

Jumatatu, tarehe 20

Jibu. Mistari minne. Wananishukuru kwa uaminifu. Tuzo imeondolewa, mashine itakwenda kwa mwingine. Doyen amenipita koridoni bila salamu. Nimeosha vyombo vyote vya labo, hata vilivyokuwa safi. Sijutii. Uongo: najuta, kila baada ya saa moja hivi.

Ijumaa, tarehe 24

Papa Lotika amekuja. Shati jeupe, kofia mkononi. Radio ilikuwa imetangaza kitambo kwamba nasafiri leo. Ametoka Masako kwa miguu tangu alfajiri ili aniage. Amenikuta nimevaa koti la kazi, bomba la kupimia mkononi.

Ilibidi nimwambie. Nimesema safari haipo, kulikuwa na kosa, tuzo wameichukua. Aligeuza kofia mkononi mara mbili. Si mutu wa kudanganywa, yule.

"Iko sababu ya nyama zangu?"

"Hapana, papa. Wewe ulinipa zawadi. Mimi ndiye niliandika vibaya."

Alinitazama. Akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Bibiche akaenda kutununulia chai na mikate, tukala watatu kwenye meza ya darubini, jambo ambalo nimelikataza mwenyewe kwa maandishi mlangoni. Baadaye amesinzia kwenye kiti changu, viatu amevivua, vumbi la barabara limempanda hadi magotini. Jua lilikuwa linampiga usoni. Nimevuta pazia, tumeendelea na kazi polepole, bila kugonganisha vyombo.