Barakoa Moja kwa Watu Watano

Mshauri wetu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na kioo kikiwa mkononi, natangaza kwamba ndevu zangu, zilizokaa usoni mwangu miaka kumi na mmoja na kusifiwa hata na kinyozi ambaye hakuwahi kupata kazi kwazo, hazipo tena. Nilizinyoa mwenyewe kwa sababu ya barakoa ya gesi, na hapo ndipo naomba unisaidie, maana shida ilianzia kidevuni lakini haikuishia hapo.

Mimi ni fundi saa, meza yangu iko sebuleni karibu na dirisha, na mke wangu ni dobi, hufulia nyumba za wageni, kwa hiyo uani kwetu kuna kamba saba za shuka nyeupe na ukizitazama kwa mbali utadhani tunaishi ndani ya meli, na nyuma ya ukuta wa uani kipo kiwanda cha barafu ambacho hugandisha maji kwa amonia, gesi ambayo ikivuja kidogo tu macho yanalia kabla mwenye macho hajajua kuna nini. Ilishawahi kunuka mara mbili tatu. Mimi si mtu wa kungoja ya tatu ifuatwe na ya nne, kwa hiyo nikaenda kwa muuza mitumba wa vifaa, akanionyesha barakoa nyeusi yenye vioo viwili na kichujio cha duara mbele, kina mstari wa kahawia unaopendeza, karibu rangi ya viatu vyangu vya harusi. Nikamuuliza inazuia nini. Akasema, "Mzee, hii inazuia kila kitu isipokuwa mama mkwe." Nikanunua, moja, ya kuanzia.

Karatasi yake ilisema ndevu huacha nafasi pembeni na gesi hupita, ndiyo nikanyoa. Wasichana wetu wawili walinitazama mezani wakashindwa kula. Mdogo akasema, "Baba, kumbe kidevu chako kidogo hivyo!" Mke wangu akauliza, "Huyu niliyeolewa naye ni nani?" kisha akaishika ile barakoa, akaigeuza kama anavyogeuza shati kutafuta doa, akasema, "Na sisi wengine wanne, mimi, watoto na mama yangu, tutavuta pumzi kwa zamu?" Nikamwambia nyingine zitakuja. Akasema upepo ukibadilika yeye atajua kabla ya pua yangu, anao kwenye kamba. Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Wewe na kamba zako."

Basi Alhamisi, saa nne asubuhi, shule zikiwa likizo, nilikuwa nimeinamia saa ya mteja na lenzi jichoni nikasikia mlio wa kitu kinachotoa hewa, kisha ile harufu, na watu barabarani wakaanza kukimbia, na hapa mshauri naomba usome taratibu kwa sababu hili sijamwambia mtu. Sikuita mtu. Sikumwita mke wangu, sikuwaita watoto, sikumwita mama mkwe ambaye miguu yake haimbebi na alikuwa chumba cha pili akisikiliza redio. Niliingia chumbani, nikavuta boksi chini ya kitanda, nikakaa mbele ya kioo nikaanza kufunga mikanda minne, na kwa kuwa ni fundi saa najua ilinichukua dakika moja na sekunde arobaini, na ilipokaa sawasawa nikavuta pumzi na pumzi haikuja. Nikajua ndiyo gesi yenyewe hii. Kumbe kichujio kilikuwa bado na kizibo chake cha dukani.

Mke wangu yeye alikuwa uani. Alizitazama shuka, akaona zimetunisha matumbo kuja kwetu na kuelekea barabara kuu, njia ileile watu wote walikokimbilia, akapiga kelele, "Msikimbie na upepo! Ubavuni! Piteni ubavuni!" Akamtia mama yake kwenye mkokoteni wa kubebea nguo mbichi, akachovya taulo ndani ya beseni akagawa moja moja za kufunika pua, akaivuta shuka ndefu iliyolowa akawaambia watoto na majirani washike ukingo wake wasiachie, akawapitisha kichochoro cha fundi viatu mpaka kwenye tangi la maji, watu kumi na saba, kisha akahesabu. Nilikosekana mimi. Akarudi. Alinikuta sakafuni na macho yametoka nyuma ya vioo, akaning'oa kile kitu usoni, akanibandika taulo, akasema neno moja tu, "Twende," nikamfuata nimeshika mkia wa gauni lake kama mtoto wa chekechea.

Valvu iliyovuja kiwandani ilifungwa baada ya nusu saa. Hakuna aliyeumia zaidi ya kukohoa. Mama mkwe anamwambia kila mgeni, "Nimebebwa kama foronya chafu, lakini nimefika."

Mshauri, nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na minne nikidhani anaanika nguo. Sasa kila nikimwona anabana kibanio kwenye kamba nataka kusimama.

Lakini sikiliza balaa lilivyokuja. Jioni mwenyekiti wa mtaa aliuliza mbele ya watu mimi nilibaki ndani kufanya nini, na kabla sijafungua mdomo mke wangu akasema, "Alirudi kumtafutia mama barakoa." Watu wakapiga makofi. Fundi viatu akanikumbatia. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeniambia baadaye, taratibu, "Mkwe wangu, siku nyingine ukinitafutia kofia, nijaribishe mimi." Na sasa mwenyekiti amenifanya mtaalamu wa barakoa, Jumamosi nisimame nieleze mtaa mzima, nyumba arobaini, ni zipi za kununua, na watu wameshaanza kujibana, fundi viatu amesema atauza cherehani yake ya ngozi apate za familia. Nikisema nunueni, nitakuwa mtu wa maana. Nikisema msinunue, wataniuliza kwa nini, na jibu la kwa nini linaanzia mbele ya kile kioo. Je, watu wa kawaida kama sisi tununue barakoa za gesi au tusinunue? Na mke wangu nimwambie au ninyamaze? Nakala ya maandishi ya kichujio nimeiambatisha, pamoja na mchoro wake wenye rangi.

Ni mimi,
Fundi Saa asiye na ndevu

JIBU LA MSHAURI

Fundi Saa,

Pole kwa ndevu. Kwa mengine pole itasubiri kidogo.

Umeandika kurasa tatu za kusifu akili ya mkeo, na sifa zote anastahili, lakini kuna sentensi umeipita mbio: "Akarudi." Alikuwa ameshafika salama, ana watoto wake na mama yake, akageuka akaingia tena kwenye gesi na taulo puani. Alifuata nini? Alikufuata wewe na kifaa chako cha usalama. Hiyo barakoa haikumwokoa mtu yeyote siku ile, na ilikaribia kuwaacha wasichana wawili bila mama. Liandike mahali utakapoliona kila unapojaza saa ufunguo.

Umeniuliza watu wa kawaida wanunue au wasinunue. Wasinunue. Barakoa ya gesi ni chombo cha kazi. Anayeivaa hupimwa uso, hufundishwa, hufanya mazoezi, na anajua ni gesi gani iko mbele yake. Wewe gesi itakukuta bafuni, au sokoni, au umelala kifudifudi kwenye kochi, na barakoa iko chini ya kitanda. Na ukiwa nayo utapoteza muda kuifuata. Fundi saa mwenye mikono isiyotetemeka ametumia dakika moja na sekunde arobaini, na kizibo hakukiona. Fundi viatu atatumia ngapi, na watoto wanamlilia? Kamwambie leo, usingoje Jumamosi, asiuze cherehani.

Mtaa wako unacho tayari kitu ambacho hakiuzwi kwa muuza mitumba. Jumamosi msimamishe mkeo azungumze, wewe ushike shuka. Waombeni wenye kiwanda king'ora kinachosikika mpaka nyumba ya mwisho, na mtu wao aje awaeleze amonia ni nini. Pandisheni kitambaa cha kuonyesha upepo kwenye mlingoti mahali kila mtu anapokiona. Chagueni sehemu mbili za kukutania, kwa sababu upepo hautawauliza mnaelekea wapi, na kila mgonjwa na mzee ajulikane ni nani anamchukua. Mama mkwe ni wako. Fanya mazoezi na ule mkokoteni mpaka alalamikie mwendo. Asiyeweza kutoka afunge milango na madirisha, azibe nyufa kwa nguo mbichi, akae mbali na dirisha asubiri habari. Aliyetoka asirudi. Hilo mkeo naye aambiwe, kwa upole, na si na wewe.

Sasa la kumwambia. Fundi, unadhani unamficha nani? Yeye ndiye aliyekung'oa kile kitu. Mikanda minne ilikuwa imefungwa nyuma ya kichwa chako, si cha mama yake. Alijua pale pale, mama yake alijua, na jioni ulipoulizwa mbele ya mtaa akakufunika kwa neno moja, kama anavyorudishia kifungo kilichokatika kwenye shati la mteja, bila kumwambia mteja. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijaona heshima kubwa kuliko hiyo ikitolewa kwa bei ndogo hivyo. Usiichukue bure. Mwambie leo, uani, ukiwa umeshika beseni la vibanio, na anza na "Wewe na kamba zako," ulikokosea kwanza. Akicheka, cheka. Akinyamaza, endelea kumpa vibanio.

Nawe usijione mbaya kupita kiasi. Woga unampata kila mtu, na aliyekubali kunyoa ndevu za miaka kumi na mmoja kwa kusoma karatasi ya maelekezo ni mtu wa kufundishika. Jumamosi sema kweli mbele ya watu, sentensi mbili zinatosha, kisha kaa. Barakoa yako mpe fundi wa kupaka rangi, itamfaa.

Nasema itamfaa kwa sababu kabla ya safu hii nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha rangi, miaka tisa, na mchoro wako nimeutazama. Mstari wa kahawia ni wa mvuke wa rangi na vimiminika vya kuyeyushia. Wa amonia huwa kijani.